Dawa ya Kutomsikia Mama

Nestor alikuwa amefikia swali la kumi na nne. Alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea yale kumi na matatu, kwa sababu kitabu cha wahojaji kilisema sauti ya mhojaji isipande wala isishuke.

"Sauti hiyo unaisikia ndani ya kichwa, ama inje?"

"Inje," akasema Bienfait. "Inatokeaka upande wa huku Nakivale. Miye niko kule Mbarara, yenyewe inatokea huku."

Nestor akaweka alama kwenye kisanduku cha pili. Upande wa pili wa meza, Bella, mwenzake wa kazi, aliweka alama kwenye fomu yake akiwa ameifunika kwa mkono. Utaratibu wa mradi ulitaka wahojaji wawili wamsikilize mtu mmoja, kila mmoja apime peke yake, kisha walinganishe.

"Ni sauti ya mtu unayemjua?"

"Ya mama."

"Inasema nini?"

"'Bienfait, kuya ukule, bugali inapola.'"

"Mara ngapi?"

"Kila mangaribi. Wakati batu banawasha makala."

Bienfait alikaa juu ya dumu la maji lililolazwa, nyuma ya kanisa la maturubai ambako mradi ulipewa meza. Alikuwa amevaa shuka la hospitali lililofungwa begani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mfyatua tofali, na alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

Jina lake lilichaguliwa na kompyuta. Utafiti ulihusu maruweruwe, yaani watu wanaosikia au kuona yale ambayo wengine hawayasikii wala hawayaoni. Ulitaka kujua chanzo chake, na kama vidonge vinasaidia kuliko mazungumzo. Kompyuta ilichukua orodha ya wakimbizi wa Kashojwa, mtaa mmoja wa kambi ya Nakivale, ikachagua mia tatu. Bienfait alikuwa wa mia mbili na kumi na mbili. Nestor alipokwenda kumtafuta, majirani walimwambia kwamba huyo amekufa, kwa hiyo asije asubuhi. Aje saa kumi na mbili jioni amngojee kando ya ua wa mama yake, hapo atampata.

Walijua amekufa kwa sababu ya shuka, na kwa sababu alikuwa anatembea kilomita hamsini na kitu bila kutoka jasho. Mama yake alipoita, aliinuka huko Mbarara akaja. Alifika, akasimama nje ya ua, akasalimiana na wapita njia. Wote walimwona isipokuwa mama yake. Jirani mmoja, Vestine, aliwahi kumwambia mama huyo, Constance, "Mama Bienfait, mtoto si huyu hapa ku lupango?" Constance akatazama, akaona ua wa matete, akasema, "Vestine, usinichezee." Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu tena. Kwa watu wa kwao habari ya kifo hupelekwa na watu wawili, nao lazima wawe na mambo mawili ya kusema: siku na fasi, yaani siku aliyokufa na mahali alipolazwa. Mtu asiye na hayo hana cha kubishia hodi. Na Bienfait, kila alipoulizwa amelazwa wapi, alinyamaza.

"Inakusumbua kiasi gani?" Nestor akasoma. "Sifuri ni haisumbui kabisa. Ine ni inasumbua sana, hauwezi kufanya kazi yako."

"Kazi yangu sasa ni kulala," akasema Bienfait. "Andika ine."

Bella alicheka kidogo, kisha akakumbuka utaratibu.

"Ulianza kuisikia lini?"

Bienfait aliitazama fomu. Nestor hakumharakisha. Kitabu kilisema mhojaji amngoje mshiriki huku akihesabu kumi mara mbili, naye akahesabu.

"Hii munaandika, nani anaisoma?"

"Siye babili, na Dokta Tumuhimbise wa Mbarara. Basi. Mtu mwingine hapana, mpaka weye mwenyewe utupe ruhusa."

Ndipo akaeleza. Alipougua tumbo, kadi yake ya ukimbizi ilikuwa haijatoka kwa miaka miwili. Tofali zilikuwa zimemla ncha za vidole, mashine ya ofisini haikuona mistari, na faili lake likaandikwa linasubiri. Bila kadi hakuna gari la wagonjwa. Jirani yao Mrundi, Jean-de-Dieu, alikuwa amekwenda Kampala kutafuta kazi na kuwaachia kadi yake. Picha ilikuwa imechakaa, ungeweza kumwona mtu yeyote humo. Mama yake akampa kadi hiyo, akamwambia, "Kule bakiita Jean-de-Dieu, itika." Gari lilijaa, mama akabaki. Kesho yake akapanda taksi akamfuata.

"Ile siku ndiyo nilianza kuisikia," akasema Bienfait. "Nilikuwa ku kitanda. Mama iko pa mulango anauliza Bienfait. Muuguzi anamuambia, hakuna Bienfait hapa. Aliogopa kutaja ile jina ingine, maana kadi yake ni ya Kongo na ya Jean-de-Dieu ni ya Burundi, bangemuuliza ni ndugu yako namna gani. Alifikiri nikisikia jina yangu nitatoka. Nilisikia. Sikuweza kuinuka. Kuita, sauti ikakatala. Kesho yake asubuhi nikakufa."

Alizikwa mjini na wale wasio na wenyewe, kwa jina la Jean-de-Dieu.

Nestor aliandika yote, kisha akasoma swali la mwisho. "Weye mwenyewe, unafikiri sauti hii inaletwa na nini?"

"Inaletwa na kuwa mama hajaambiwa."

Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya fomu ya ridhaa. Kilitoka vizuri, mistari yote ikionekana. Alikitazama. "Ona," akasema, "imerudi."

Alipoondoka, wahojaji walilinganisha. Wote wawili walikuwa wameandika nne. Walitofautiana sehemu moja tu. Kitabu kilisema sauti inayosikiwa na kila mtu si maruweruwe, na Constance akiita, mtaa mzima ulimsikia.

"Basi haingii," akasema Bella. "Hata miye namsikiaka nikiwa ku bomba ya maji."

"Unamsikia ukiwa hapa. Yeye anamsikia akiwa Mbarara. Na kule Mbarara benye balilala kando yake habasikii kitu."

"Papa Nestor, we ungesomaga hata kuwa juge wa kukata kesi."

"Sikumaliza hata darasa la sita," akasema Nestor, akaandika maelezo pembeni ya fomu kwa herufi ndogo, na pembeni ya ile ya ridhaa, ambayo nakala yake huenda ofisi ya kambi, akaandika kwamba mshiriki ni marehemu.

Dokta Tumuhimbise, mkuu wa utafiti, alisoma fomu hizo ofisini kwake Mbarara mara mbili. Alikuwa mwanamke mtaratibu. Alichukua orodha ya watu wasioruhusiwa kushiriki: watoto, wajawazito, wenye ugonjwa wa ini. Waliokufa hawakuwemo. Akampigia Nestor simu. "Mpe bahasha kama wengine," akasema. "Na hiyo siri ni yake. Kama anataka mama ajue, yeye mwenyewe atoe ruhusa, aandike ni kitu gani."

Bahasha ya namba mia mbili na kumi na mbili, ya kuamua nani apewe vidonge na nani mazungumzo, ilifunguliwa mbele ya Bienfait. Ilisema vidonge, kimoja kila siku, wiki nane.

Nestor akamweleza pia habari ya ruhusa. Bienfait alikizungusha kikopo cha dawa mkononi.

"Hii itafanya nisimsikie?"

"Inaweza. Ndiyo tunatafuta kujua."

"Basi nakupa ruhusa ya vitu mbili. Siku na fasi. Ya kule pa mulango hapana, hiyo usimuambie. Na usimuambie sasa. Ngoja kwanza dawa ishike. Akijua atalia, Papa Nestor. Kama ananiitaka tu natembea mpaka huku, akilia itakuwa namna gani?"

Nestor aliandika: siku, fasi, baada ya dawa kushika. Bienfait akatia kidole tena.

Kwa hiyo Nestor alingoja. Kila jioni ya Alhamisi alimpima. Wiki ya pili ilikuwa bado nne. Wiki ya tatu Bienfait alisema sauti inakuja ikiwa imekatika, anasikia "kuya" bila kusikia jina. Tatu. Wiki ya nne alichelewa, akafika giza likianza, akasema aliisikia kama redio ya nyumba ya tatu. Mbili. Siku zilizobaki za juma Nestor alipita mbele ya nyumba ya Constance akienda kwa washiriki wengine. Constance alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kazi, anayelea mjukuu wa miaka minne, Grâce, mtoto wa binti yake aliyebaki Uvira. Alimsalimu kila mara.

"Papa Nestor, weye unazungukaka kila fasi na makaratasi. Hukusikia habari ya mutoto wangu?"

"Bado naandika, Mama," Nestor alijibu. Halikuwa jibu la uongo, na usiku wa siku hizo hakula.

Wiki ya sita Bienfait alisimama nje ya ua kwa muda mfupi, akamtazama mama yake anavyosonga ugali, akampa Nestor mkono. "Leo sikusikia kitu," akasema. "Nimekuya kwa mazoea tu." Moja, kwa kuwa miguu bado ilimleta. Wiki ya saba hakuja. Wiki ya nane Nestor na Bella walimngojea tangu saa kumi na moja. Constance aliita mara tatu, akaita mara ya nne kwa mikono miwili mdomoni. Watoto wa majirani waligeuka kutazama njia. Hakuna aliyekuja. Kitabu kilieleza la kuandika mshiriki asipofuata sauti mara mbili mfululizo. Nestor akaandika sifuri. Bella akaandika sifuri. Walilinganisha, hawakutofautiana.

Asubuhi iliyofuata walikwenda wawili, kama inavyotakiwa. Constance alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Aliwaona wanakuja pamoja, hawana fomu mikononi, akainamisha kichwa lakini vidole havikuacha kazi.

"Siku ni tarehe tisa, mwezi wa kumi na mbili, mwaka juzi," akasema Nestor. "Asubuhi. Fasi ni Mbarara, makaburi ya mji."

Constance alitoa jiwe dogo, akalitupa. "Kwa jina gani?"

"Ya Jean-de-Dieu."

Alichagua maharage hadi ungo ukaisha. Akayamimina chunguni. Kisha akasema, "Tarehe nane nilikuwa pale. Pa mulango."

Nestor hakuwa na ruhusa ya kujibu. Constance akamtazama usoni kwa muda, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu.

"Niliuliza Bienfait," akasema. "Nilienda mara tatu, niliuliza Bienfait tu."

Jioni hiyo hakuwasha makaa. Grâce alikula kwa Vestine.

Constance alitaka kitu kimoja: jina la mtoto wake liandikwe juu ya mtoto wake. Mtunza makaburi wa mji alisema kwa simu kwamba jina hubadilishwa kwa barua kutoka ofisi ya orodha ya kambi. Wakaenda ofisini, Constance na Nestor, na Grâce nyuma yao. Karani alikuwa kijana Mnyankole mwenye shati lililopigwa pasi, na alimpa Constance kiti.

"Nyabo, huyu Bienfait ako hai," akasema, akimwita mama kwa Kinyankole, macho kwenye kompyuta.

"Amekufa, mwanangu. Mwaka juzi."

"Hapana, ona. Zamani vidole vyake vilikataa, faili ilikaa tu hivyo. Sasa mradi wa Mbarara wameleta fomu ya ridhaa, kidole kimeingia, kimekubaliana na ile ya utoto wake. Hata kadi yake imetoka." Akafungua droo, akaitoa, mpya, imefungwa kwa nailoni. "Alihojiwa mwezi wa pili. Aliyemhoji anaitwa Nestor."

"Ni mimi," akasema Nestor.

"Basi si wewe ndiyo shahidi?"

"Nilimuhoji akiwa amekufa. Niliandika pembeni."

Karani alisoma pembeni. Alisoma taratibu, kwa heshima. "Ni kweli umeandika. Lakini pembeni haiingii kwa mashine. Mashine inachukua kidole." Akafikiri. "Kama ni kosa, alete mwenyewe. Akuje hapa, atie kidole, aseme mimi nimekufa. Hiyo naweza kufunga leo leo."

"Hatakuya," akasema Nestor. "Hasikii tena."

Constance aliinuka kutoka kwenye kiti. "Sikia, mwanangu. Ni miye nilimupa kadi ya mwingine. Ya Jean-de-Dieu. Andika. Ule mwenye alikufa kwa jina ya Jean-de-Dieu ni wangu."

Karani aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza. "Nyabo, hiyo sijasikia," akasema polepole. "Nikisikia, lazima nikutoe kwa orodha, wewe na huyu mtoto. Chakula, shule, yote. Na huyo Jean-de-Dieu atabaki tu amekufa. Sitaki kusikia hiyo. Keti."

Hakuketi. Alimtazama Grâce aliyekuwa anachezea kamba ya pazia. Alisimama hivyo kwa muda ambao Nestor angeweza kuhesabu kumi mara nyingi. Kisha akaichukua kadi mpya kutoka mezani, akatia sahihi kwa kidole kwamba ameipokea kwa niaba ya mwanawe, akaiweka ndani ya kitambaa cha kiunoni. Karani aliwafungulia mlango.

Waliondoka siku ya Jumatatu kwenda Mbarara, Constance na Nestor, wakipitia Kabingo. Dokta Tumuhimbise alikuwa amewatafutia vyumba viwili nyuma ya ofisi ya mradi kwa usiku mmoja. Aliwapokea mwenyewe, akampa Constance chai, akamwambia Nestor kando kwamba namba mia mbili na kumi na mbili ndiye aliyeonyesha mabadiliko makubwa kuliko washiriki wote. "Kutoka nne mpaka sifuri," akasema. "Hatujawahi kuona." Hakusema kwa furaha. Alisema kwa sababu ilikuwa kweli na Nestor alistahili kujua. Kisha akawaazima jembe dogo la bustanini.

Makaburi yalikuwa kwenye mteremko, nyuma ya migomba ya watu. Mtunzaji alikuwa mzee mwenye buti za mvua, na kazi yake ilikuwa kusimama na wageni, kwa sababu watu walikuwa wanaiba vibao kwa ajili ya kuni.

"Mnamtafuta nani?"

"Jean-de-Dieu," akasema Nestor.

"Wewe mama ni nani wake?"

"Jirani," akasema Constance.

Mzee akaandika jirani. Akawapeleka mstari wa saba. Kibao kilikuwa cha mbao nyembamba, rangi nyeupe, herufi nyeusi. Kaburi lilikuwa limefunikwa na lumbugu, majani yale ambayo ukivuta moja linakuja na mzizi wa mita nzima na kuacha mwingine chini. Mzee akasimama hatua nne kutoka kwao.

Constance aliitazama nyasi. Akasema kwa sauti ambayo mzee hakuisikia, "Iko anasikia?"

"Hapana, Mama," akasema Nestor. "Dawa ilishika."

"Hata kidogo?"

"Sifuri."

"Aliitaka hivyo yeye mwenyewe?"

Hilo pia halikuwa kwenye ruhusa. Nestor alilifikiria, akaona kwamba yeye si mashine.

"Alisema tungoje kwanza, ndiyo tukuambie. Asikusikie ukilia."

Constance akafungua kitenge cha mabegani, akakikunja, akakiweka chini vizuri. Akapiga magoti. Mzee wa buti alikuwa anatazama. Constance akavuta pumzi, akaanza kulia kama wanavyolia kwao, kwa sauti kubwa inayopanda, akiliita jina kila mwisho wa sauti, na jina aliloliita lilikuwa Jean-de-Dieu. Aliliita kwa muda mrefu. Aliita Jean-de-Dieu wangu wa tumbo, Jean-de-Dieu mwenye mikono ya tofali, Jean-de-Dieu aliyezaliwa kule mjini Baraka mvua inanyesha. Mtunzaji akavua kofia. Baadaye alimwambia Nestor kwamba katika miaka kumi na minane hajaona jirani analiliwa hivyo. Huyo bwana alikuwa na bahati.

Alipomaliza, alijifuta uso, akachukua jembe. Nestor alitaka kumsaidia, akakataa, kisha akamruhusu achukue upande wa pili. Lumbugu ilitoka kwa shida. Constance hakuikata, aliufuata kila mzizi kwa vidole hadi mwisho wake, akaupangua udongo, akaweka mizizi kwenye rundo. Kwa mwendo huo, hadi saa kumi na moja na nusu walikuwa wamefika katikati.

"Tunafunga, nyabo," akasema mzee.

"Bado upande ya kichwa."

"Kesho niko hapa tangu saa mbili."

Constance alipima kwa macho sehemu iliyobaki. Akalifuta jembe kwa majani, akamkabidhi mzee aliweke kwenye kibanda chake.

"Kesho nitaanzia ku kifua," akamwambia Nestor, "nipande mpaka ku kibao."